Mazingira ya Programu kwa Kila Mradi: Mstari wa Amri, Faili la Kufuli na Ukokotoaji wa Mafuriko ya Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna mazingira ya utayarishaji programu yanavyotengwa kwa kila mradi kwa kutumia mstari wa amri, na kubainisha ni sehemu ipi ya utaratibu huo inayolinda matokeo ya utafiti. Mfano uliotumika ni ukokotoaji wa athari za mafuriko katika bonde la Mto Msimbazi, kazi inayotegemea programu ambazo matoleo yake yalibadilika sana kati ya mwaka 2018 na 2019. Hoja inayotetewa ni kwamba kutenga mazingira hulinda kompyuta ya mtafiti tu. Kinacholinda jibu ni faili la kufuli likiambatana na ghala la vifurushi linalofikika bila intaneti. Katika jiji ambalo data hununuliwa kwa kifurushi, jambo hili la pili lina uzito zaidi kuliko miongozo mingi ya zana hizi inavyodhani.

Istilahi kuu: mstari wa amri, mazingira ya mradi, kitegemezi, faili la kufuli, ghala la vifurushi

1.0 Utangulizi

Mto Msimbazi hupita Jangwani, mwendo mfupi wa miguu kutoka Soko la Kariakoo, kabla ya kumwaga maji yake baharini karibu na Daraja la Selander. Mvua kubwa zinaponyesha, Barabara ya Morogoro hufungwa hapo Jangwani, na magari ya kwenda na kutoka katikati ya jiji hutafuta njia nyingine. Mafuriko ya Desemba 2011 yalisababisha vifo, na baadhi ya wakazi wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Kwa hiyo, swali la nyumba ipi imo ndani ya eneo la mafuriko na ipi iko nje yake si la nadharia katika jiji hili. Kutokana na jibu lake watu huhamishwa, hulipwa fidia au huachwa walipo.

Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria, ambapo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu Ardhi, wakishirikiana na wakazi wa kata husika, walichora majengo, mitaro na barabara na kuviweka katika ramani huria ya OpenStreetMap. Miongoni mwa zana zilizotumika ni QGIS, ambayo ni programu huria ya kuchora na kuchambua ramani, na InaSAFE, programu-jalizi ya QGIS iliyoanzishwa nchini Indonesia. InaSAFE hupokea tabaka la hatari (mathalani, eneo linalofunikwa na maji) na tabaka la vitu vilivyo hatarini (mathalani, majengo), kisha hutoa hesabu ya vilivyoathirika.

Februari 2018 QGIS 3 ilitolewa. Toleo hilo liliacha Python 2 na kuhamia Python 3, na maktaba ya Qt iliyo chini yake ikabadilishwa vilevile. Programu-jalizi zilizoandikwa kwa ajili ya QGIS 2 hazikuweza kufanya kazi katika QGIS 3 bila kurekebishwa. InaSAFE nayo ilifuata njia hiyo: toleo lake la 4 lilitegemea QGIS 2, na toleo la 5 likaandikwa kwa ajili ya QGIS 3. Maana yake ni kwamba hesabu yoyote iliyofanywa mwaka 2017 kwa zana hizo haiwezi kurudiwa leo kwa kusakinisha tu QGIS ya leo. Data zinaweza kuwapo, sura ya mbinu za utafiti inaweza kuwa imeandikwa kwa uangalifu, na bado mtahini akashindwa kuifikia namba iliyo katika jedwali. Kinachokosekana ni mazingira ambamo namba hiyo ilizaliwa.

2.0 Neno kuhusu istilahi

Kwa mjenzi wa programu, neno kifurushi humaanisha msimbo uliofungwa pamoja ili usambazwe na kusakinishwa. Kwa mkazi wa Dar es Salaam, neno hilohilo humaanisha kiasi cha data za intaneti kinachonunuliwa kwa siku, wiki au mwezi. Makala haya yanatumia kifurushi kwa maana ya kwanza na bando kwa maana ya pili, ingawa itaonekana mbele kwamba maana hizo mbili zinahusiana zaidi ya inavyodhaniwa. Programu inayosoma amri za mtumiaji kwenye terminali inaitwa hapa ganda la amri. Utohozi wa sheli umeepukwa kwa makusudi, kwa kuwa nchini Tanzania sheli ni kituo cha mafuta. Kitegemezi ni kifurushi ambacho programu nyingine haiwezi kufanya kazi bila kuwa nacho.

3.0 Namna mazingira yanavyotengwa

Mtafiti anapoandika neno python kwenye terminali, ganda la amri halijui programu hiyo iko wapi. Huisoma orodha ya folda iliyohifadhiwa katika kigeu kiitwacho PATH, hupita folda moja baada ya nyingine kwa mpangilio wake, na huendesha faili la kwanza lenye jina hilo. Msingi wa karibu zana zote za kutenga mazingira ni huo: kubadili folda inayotangulia katika orodha.

Mathalani, amri mbili zifuatazo, zikiandikwa ndani ya folda ya mradi, hutengeneza mazingira na kuyawasha:

python3 -m venv .venv
source .venv/bin/activate

Amri ya kwanza huunda folda iitwayo .venv, yenye kiungo kinachoelekea kwenye Python ya kompyuta na mahali patupu pa kuweka vifurushi. Amri ya pili huitanguliza folda .venv/bin katika PATH. Tangu hapo kila kifurushi kinachosakinishwa kwa pip huingia humo na hakigusi miradi mingine. Utaratibu huu ulitokana na virtualenv ya Ian Bicking ya mwaka 2007, na tangu Python 3.3 ya mwaka 2012 umekuwa sehemu ya Python yenyewe. Kabla ya mazoea haya kuenea, watumiaji wengi wa Linux walisakinisha vifurushi kwa mamlaka ya msimamizi wa kompyuta nzima, na mara nyingine wakaharibu zana za mfumo endeshi zinazotegemea Python hiyohiyo. Debian 12, iliyotolewa Juni 2023, ilifunga mlango huo: pip inakataa kuandika katika Python ya mfumo, na kumwelekeza mtumiaji kwenye mazingira yaliyotengwa.

Zana nyingine huongeza urahisi. Direnv huwasha mazingira mtumiaji anapoingia tu katika folda ya mradi na kuyazima anapotoka, baada ya kuidhinishwa kwa amri direnv allow. Idhini hiyo huzuia folda iliyopokelewa kutoka kwa mtu mwingine isiendeshe amri zake kimyakimya. Pyenv, asdf na mise huruhusu matoleo kadhaa ya lugha moja ya programu kukaa katika kompyuta moja. Kwa mjenzi wa programu wa Kariakoo ambaye asubuhi anarekebisha mfumo wa stoo wa mwenye duka na jioni anashughulikia hati za wakala wa forodha wa bandarini, zana hizi zinatosha kumwondolea mgongano wa matoleo. Kwa mtafiti hazitoshi, na sababu mbili zinastahili kutajwa.

Ya kwanza ni kwamba folda ya .venv haihamishiki. Mafaili yake yamebeba anwani kamili ya mahali ilipoundwa, kwa hiyo ikinakiliwa kwenye flashi na kufunguliwa katika kompyuta ya msimamizi wa utafiti, huelekea kwenye folda zisizokuwapo. Ya pili ni kwamba Python yenyewe haimo ndani yake, wala maktaba za mfumo zilizoandikwa kwa lugha ya C. Kwa kazi za ramani, maktaba hizo ndizo zenye kuamua jibu.

4.0 Toleo linavyobadili jibu

Maktaba mbili zimelala chini ya karibu kila programu huria ya ramani. GDAL husoma na kuandika data za kijiografia, na PROJ hubadilisha viwianishi kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine. Mwaka 2019 zote mbili zilibadilika kwa kina: PROJ 6 ilitolewa mwezi Machi, na GDAL 3.0 mwezi Mei.

Badiliko lililowashtua wengi lilihusu mpangilio wa mihimili. Katika mfumo wa kawaida wa latitudo na longitudo, ambao namba yake ya usajili ni EPSG:4326, ufafanuzi rasmi hutanguliza latitudo. GDAL 2 ilizoea kutanguliza longitudo. GDAL 3 ikaamua kufuata ufafanuzi rasmi, isipokuwa mtayarishaji programu aagize vingine. Kariakoo iko takriban digrii 6.82 kusini na 39.27 mashariki. Msimbo wa mwaka 2018 unaopeleka 39.27 kwanza na -6.82 baadaye ulikuwa sahihi katika GDAL 2. Msimbo huohuo, bila herufi hata moja kubadilishwa, ukiendeshwa kwa GDAL 3 unaweza kusomwa kuwa latitudo 39.27 kaskazini na longitudo 6.82 magharibi. Hapo ni magharibi mwa Uhispania, karibu na mpaka wa Ureno.

Kosa la ukubwa huo lina heri yake, kwa kuwa linaonekana. Mtahini yeyote atashangaa kuona Soko la Kariakoo limehamia Ulaya. Makosa ya kuogopwa ni madogo. Ramani nyingi za zamani za Tanzania zilichorwa kwa kufuata datamu ya Arc 1960, ilhali vipokezi vya GPS na OpenStreetMap hutumia WGS 84. Kutoka datamu moja kwenda nyingine huhitajika hesabu ya kusogeza, na hesabu hiyo ikirukwa, nukta hukaa takriban mita 300 mbali na mahali pake pa kweli. PROJ 6 ilibadilisha namna maktaba inavyoichagua hesabu hiyo: badala ya kutumia vipimo vilivyoandikwa pamoja na kila mfumo wa viwianishi, hutafuta miongoni mwa mbinu zilizosajiliwa ile inayofaa eneo husika. Matoleo mawili yanaweza, kwa hiyo, kuchagua njia mbili. Katika bonde jembamba kama la Msimbazi, mita 300 zinaweza kuitoa nyumba ya Jangwani kwenye maji na kuiweka nchi kavu. Ramani itakayochapishwa itakuwa safi, na hakuna atakayeshangaa.

Ndiyo maana kauli inayopatikana katika tasnifu nyingi, kwamba uchambuzi ulifanywa kwa kutumia QGIS au kwa kutumia Python, haimsaidii mtahini. Hata kutaja toleo la QGIS pekee hakutoshi, kwa kuwa toleo moja la QGIS linaweza kujengwa juu ya matoleo tofauti ya GDAL na PROJ.

5.0 Faili la kufuli

Zana za kisasa hutofautisha mafaili mawili. La kwanza hueleza matakwa ya mradi, na huandikwa na mtafiti mwenyewe: mradi unahitaji GDAL ya kuanzia toleo fulani, na maktaba ya kuchora grafu ya toleo lolote. La pili, ambalo makala haya yanaliita faili la kufuli, huandikwa na zana yenyewe baada ya kutafuta mchanganyiko unaokubaliana. Humo kila kifurushi kilichochaguliwa hutajwa kwa toleo lake kamili, pamoja na vitegemezi vya vitegemezi vyake, na kwa kawaida pamoja na alama ya kidijiti iliyokokotolewa kutokana na faili la kifurushi lenyewe. Kifurushi kikibadilishwa hata baiti moja, alama hailingani na usakinishaji hukataliwa.

Orodha inayotolewa na amri pip freeze huchukuliwa na wengi kuwa inatosha. Inasaidia, lakini haina alama za uthibitisho, haitaji toleo la Python, na haioni maktaba ya GDAL iliyosakinishwa na mfumo endeshi. Kwa kazi za ramani, mfumo wa conda unafaa zaidi, kwa sababu husambaza maktaba za C na Python yenyewe kama vifurushi sawa na vingine. Amri conda list --explicit hutoa orodha ya anwani kamili za vifurushi vyote vya mazingira. Pixi, zana iliyojengwa juu ya vifurushi hivyohivyo, huandika faili la kufuli la pixi.lock kila vitegemezi vinapobadilika, bila kusubiri kuamriwa. Kwa miradi ya Python isiyohitaji maktaba za mfumo, uv, iliyotolewa Februari 2024, hufanya kazi hiyo kwa kasi kubwa. Uv ina pia chaguo la --exclude-newer, ambalo huagiza zana ipuuze vifurushi vyote vilivyotolewa baada ya tarehe fulani. Mtafiti anayejaribu kufufua msimbo wa mwaka 2018 usio na faili la kufuli anaweza kuanzia hapo, ingawa atakachopata ni makisio.

6.0 Ghala la vifurushi katika jiji la bando

Faili la kufuli ni orodha tu. Vifurushi vyenyewe viko kwenye seva zilizo mbali, na miongozo mingi huandikwa kana kwamba kuvifuata ni jambo lisilo na gharama. Dar es Salaam hali ni nyingine. Mabadiliko ya bei za bando ya Aprili 2021 yalizua malalamiko makubwa kiasi cha serikali kuyasitisha, na hilo linatosha kuonyesha jinsi megabaiti inavyohesabiwa katika nyumba nyingi. Njia yenyewe ya kwenda ng'ambo nayo hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom, ambazo zote hutia nanga Dar es Salaam, zilipata hitilafu, na huduma ya intaneti nchini ikazorota sana. Mwanafunzi aliyekuwa akijenga upya mazingira yake siku hizo alikuwa na orodha kamili na hakuwa na njia ya kuvifuata vilivyoorodheshwa.

Uzito wa vifurushi hutofautiana mno. Maktaba ya PyTorch, inayotumiwa na watafiti wa uchakataji wa lugha, ikisakinishwa kwenye Linux bila maelekezo ya ziada huja pamoja na maktaba za kadi za michoro za NVIDIA, na jumla hupita gigabaiti 2. Toleo lake la prosesa ya kawaida lina takriban megabaiti 200. Kwa kompyuta ya mkononi iliyotumika, ya aina inayouzwa Kariakoo, isiyo na kadi ya NVIDIA, tofauti hiyo ni fedha inayotupwa, na hutupwa upya kila mazingira mapya yanapojengwa pasipo ghala.

Ghala ni folda moja ambamo zana huweka kila kifurushi kilichokwisha kupakuliwa. Conda na uv huenda mbele zaidi. Badala ya kunakili kifurushi katika kila mradi, huunda kiungo kinachoelekea kwenye nakala moja iliyo ghalani, hivyo miradi kumi inayotumia kifurushi kilekile huchukua nafasi ya mmoja. Nix, iliyotokana na utafiti wa udaktari wa Eelco Dolstra uliokamilika katika Chuo Kikuu cha Utrecht mwaka 2006, ilijengwa tangu mwanzo juu ya ghala la namna hiyo, ambamo kila kifurushi hukaa katika anwani inayotokana na namna kilivyojengwa. Nix ndiyo kali kuliko zote katika suala la kurudia kazi. Hata hivyo, ugumu wa kuijifunza na wingi wa data inazopakua mwanzoni vinaifanya isiwe pendekezo la kwanza kwa mwanafunzi wa shahada za juu anayelipia bando mwenyewe.

Viungo hivyo havivuki kutoka diski moja kwenda nyingine. Ghala likiwa katika diski ya ndani na mradi ukiwa katika diski ya nje, zana hulazimika kunakili. Aidha, flashi nyingi huuzwa zikiwa na mpangilio wa FAT32 au exFAT, ambayo haina viungo vya aina hiyo kabisa, na FAT32 haipokei faili linalofikia gigabaiti 4. Kwa sababu hiyo ni vyema ghala na miradi vikae katika diski moja, na flashi ibaki chombo cha kusafirishia.

Kusafirisha kwenyewe si kugumu. Kwa vifurushi vya Python, amri pip download hukusanya mafaili yote katika folda moja, na kompyuta nyingine huyasakinisha bila intaneti:

pip download -r orodha.txt -d ghala
pip install --no-index --find-links ghala -r orodha.txt

Kwa mazingira ya conda, zana ya conda-pack hufunga mazingira yote kuwa faili moja linaloweza kufunguliwa katika kompyuta nyingine yenye mfumo endeshi wa aina ileile. Idara yenye watafiti kadhaa wa fani moja ingeweza kuweka ghala la pamoja katika kompyuta moja ya mtandao wa ndani. Upakuaji ungelipiwa mara moja, na nyaya za baharini zikikatika kazi ingeendelea.

7.0 Kontena na mtahini

Docker, iliyotangazwa mwaka 2013, imechukua picha yake bandarini. Programu na vitegemezi vyake vyote, hadi maktaba za mfumo, hufungwa katika kontena moja. Kwa amri docker save taswira ya kontena hilo huwa faili linaloweza kuwekwa katika hifadhi ya chuo pamoja na tasnifu. Kwa kazi ya mwaka 2017 iliyotegemea QGIS 2 na Python 2, huenda hii ndiyo njia pekee ya busara, kwa kuwa Python 2 iliacha kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020 na kuichanganya na mfumo endeshi wa leo kunazidi kuwa shida.

Udhaifu wake ni kwamba kontena huhifadhi bila kueleza. Wafanyakazi wa Bandari ya Dar es Salaam wanajua kwamba kontena bila manifesti halitoki. Forodha haina namna ya kulikadiria. Mtahini aliyepewa kontena la gigabaiti 3 naye anaweza kuliendesha na kupata namba ileile bila kujua kama PROJ iliyo ndani ilisogeza viwianishi vya Arc 1960 au iliviacha. Faili la kufuli humwambia toleo kwa mstari mmoja. Pale inapobidi kuchagua kimoja, orodha pamoja na ghala ni bora kuliko sanduku lililofungwa, kwa sababu mtahini anaweza kubadilisha toleo moja na kuona kama idadi ya majengo yaliyofurika inabadilika.

Jaribio lenyewe ni jepesi. Kompyuta hukatwa kutoka kwenye intaneti, folda mpya hutengenezwa, mazingira hujengwa kutokana na faili la kufuli na ghala, msimbo huendeshwa, na namba hulinganishwa na jedwali la tasnifu. Zoezi hili likifanywa na mtafiti kabla ya kuwasilisha, hufichua mara moja kifurushi kilichosakinishwa kwa mkono na kusahauliwa. Mifumo endeshi ikitofautiana, jambo moja huhitaji kushughulikiwa mapema: orodha ya conda list --explicit iliyotolewa katika Ubuntu haifai kwa Windows, kwa sababu anwani zake ni za vifurushi vya Linux. Katika pixi, majina linux-64 na win-64 huandikwa yote mawili kwenye faili la matakwa, na zana huyafungia matoleo ya kila upande. Vifurushi vya Windows navyo huhitaji kupakuliwa na kuwekwa ghalani, hata kama mtafiti mwenyewe hatavitumia.